Projekti ya lebo ya juisi: simamisha hiyo oda kwanza

Mleta mada, mpigie huyo jamaa wa kuprinti umwambie asubiri. Mpigie sasa hivi, uzi utakuja kuusoma baadaye.

Kwa waliochelewa: mdogo wetu yuko mwaka wa pili, ana projekti ya kudizaini kifungashio cha juisi ya ukwaju na rozela. Anauliza atumie programu ya Illustrator au CorelDRAW, rangi gani zinavuta mteja, stika ya karatasi ipi, na kama ni sawa kuprinti stika 200 wiki hii kwa sababu kapewa punguzo. Chupa zenyewe atazifuata Kariakoo siku ya kuwasilisha ikikaribia. Vipimo kavitoa kwenye mokapu, yaani picha ya chupa ya mfano, aliyopakua mtandaoni. Watu mmejipanga kumjibu mambo ya Illustrator, hakuna hata mmoja aliyeshtuka hapo kwenye chupa!

Illustrator au Corel, tumia unayoijua. Tuendelee.

Dogo, chupa ya kwenye mokapu haipo. Kuna mtu alikaa na kompyuta akachora mcheduara ulionyooka, akamwagia matone ya baridi juu, wewe ukatamani. Ukishuka Kariakoo kwa wauza vifungashio utakutana na chupa zenye kiuno, zenye mifereji ya kushikia, zilizobana chini zikatanuka juu, na moja iliyonyooka ambayo muuzaji atakwambia imeisha, pita wiki ijayo.

Mimi bumu langu karibu lote liliishia kwenye stika za namna hiyo. Na zilikuwa nzuri jamani, nikaziweka hadi status. Nikaja kupata chupa iliyobana kidogo kuelekea chini, kidogo ambacho kwa macho hukioni. Lebo yangu mstatili. Unaanza kubandika inakaa vizuri, ukifika robo tatu ya mzunguko ncha moja imepanda, nyingine imeshuka. Ukizilazimisha zikutane, inatoka kunyanzi ndefu ya mshazari, na ya kwangu ilipita katikati ya jina la bidhaa. Hakuna kiganja wala kadi ya benki inayoweza kuilaza hiyo kunyanzi, maana siyo hewa, ni hesabu. Chombo kinachobana upande mmoja lebo yake hukatwa kwa upinde. Usiponiamini chukua kikombe cha kahawa cha karatasi, kichane kwenye mshono, kilaze mezani: juu upinde, chini upinde.

Na hapo ndiyo kwanza tumeanza. Muda ukatubana, tukamimina juisi ingali ya moto. Hizi chupa za kawaida za PET, plastiki ile ile ya chupa za maji, zinaanza kulegea kwenye nyuzi joto 70 na kitu, wala siyo lazima ichemke. Chupa zikanywea, lebo zikabaki zinaning'inia kama soksi iliyokatika lastiki. Tukazitia kwenye ndoo ya barafu zipoe. Stika za karatasi, ndoo ya barafu. Siku ya kuwasilisha msimamizi wa nje akainua chupa moja, akaigeuza asome viambato, lebo ikazunguka na kidole gumba chake ikabaki kiganjani, chupa ikarudi mezani uchi. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Hii ndiyo bidhaa?" Nikamwambia ni toleo la kujibandua lenyewe. Darasa likacheka. Yeye hakucheka, na aliyeshika kalamu ni yeye.

Sasa mwenye duka la kuprinti, ambaye simtaji kwa sababu ana watoto wanasoma, nilimuuliza kwa mdomo wangu huu, "Kaka, nije na chupa?" Akajibu bila hata kuinua macho, "Bosi, hiyo inakaa chupa yoyote." Chupa yoyote! Kwake ni kweli, kazi yake inaishia pale karatasi inapotoka kwenye mashine. Punguzo alilokupa huyo wa kwako ni la aina hiyo hiyo: anataka kumaliza roli lake, wewe ubaki na stika 200 zisizo na pa kukaa. Na wale wa video za mafunzo wanatumia nusu saa kukufundisha kivuli cha tone la maji, rula hawajawahi kuishika. Walimu nao wanapitisha kazi kwenye projekta. Kwenye projekta kila lebo ni nzuri, hata yangu ilipigiwa makofi.

Kwa hiyo chupa kwanza, kompyuta baadaye. Nenda kanunue chupa chache za aina moja pamoja na vifuniko vyake, na umuulize muuzaji kama hiyo aina anayo muda wote au ni mabaki ya mzigo. Kisha tafuta futi kamba ya fundi cherehani. Pima mzunguko mahali lebo itakapoanzia juu, pima tena itakapoishia chini. Vikitofautiana hata milimita mbili, ama ubadilishe chupa au ukubali kujifunza upinde. Zungushia karatasi ya A4, weka alama ya penseli inapokutana, ongeza milimita 5 za kupandiana. Hiyo ndiyo saizi yako, siyo ile uliyopakua.

Utaona mambo mengine yanajipanga yenyewe. Chupa yenye kipenyo cha milimita 65 ina mzunguko wa milimita 204 hivi, lakini mtu akisimama mbele yake anasoma vizuri kama theluthi tu, yaani milimita 68. Jina lako la bidhaa ulilolitandaza kwa sentimita 12 halisomeki bila mtu kuizungusha chupa. Hili huwezi kuliona kwenye skrini hata ukiikodolea macho hadi asubuhi.

Kwa nyuma ndiyo utalia. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito kushuka, kwa hiyo maji yanaweza kutangulia ukwaju wako, usione aibu. Kuna ujazo halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, jina na anuani ya mtengenezaji, namna ya kuhifadhi. Alama ya TBS, Shirika la Viwango, usiibandike kama pambo, ni ya aliyepewa leseni ya kuitumia. Na ukikuta ushauri wa kuandika namba ya TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, huo ni wa zamani, usimamizi wa chakula ulihamia TBS mwaka 2019. Bakodi ya tarakimu 13 kwa saizi yake kamili inakula kama milimita 37 kwa 26 pamoja na nafasi tupu za pembeni, na hairuhusiwi kushuka chini ya asilimia 80 ya hapo. Kwenye chupa nyembamba ilaze mistari iwe mithili ya ngazi, vinginevyo inapinda na mashine haisomi. Usiipake nyekundu eti ifanane na rozela, skana nyingi zinamulika mwanga mwekundu, mistari hiyo haitaonekana. Na usikopi bakodi ya pakiti ya maziwa. Kuna mwenzetu alifanya hivyo, mwalimu akaiskani kwa simu.

Ukimaliza, printi moja tu kwenye A4 ya kawaida kwa asilimia 100, hakikisha printa haijaibana ienee kwenye ukurasa. Kata kwa mkasi, gundisha, jaza maji, tazama ukiwa umesimama mbali kidogo. Ikikaa, ndipo uombe stika moja ya plastiki kwa ajili ya majaribio, ilale kwenye maji ya barafu usiku kucha. Akikwambia haprinti moja, hama duka. Pale Kariakoo unavuka barabara tu unampata mwingine.

Kama ulishamlipa kianzio na akagoma kukurudishia, mwachie. Kianzio kikienda bado umebaki na hela ya chupa. Ukishazipata, tupia picha hapa, futi kamba ikiwa imezungushwa kiunoni mwa chupa na namba zikionekana, tukupigie hesabu ya upinde.