Kikao kimoja hakitoshi kuamua

Pole sana, ndugu yangu. Umesema ulikwenda kikao kimoja cha kikundi cha kuacha pombe ukajiona mgeni. Usikate tamaa, vikundi havifanani hata kidogo. Jaribu vitano au sita kwanza. Alcoholics Anonymous, jumuiya ya watu wanaosaidiana kuacha pombe iliyoanza 1935, ina vikao vya wazi ambavyo hata ndugu anaweza kukusindikiza, na vingine ni vya wale tu wanaotaka kuacha pombe. Hakuna ada, jina la kwanza linatosha. Kama habari za Mungu zinazotajwa humo zinakukwaza, SMART Recovery, mpango mwingine wa vikundi vya kusaidiana, haiegemei dini. Kaa karibu na mlango, sikiliza tu, halafu baada ya kikao zungumza na mmoja aliyekugusa. Ila kama unakunywa kila siku, mwone daktari kwanza: kukatisha ghafla huweza kuleta degedege, hata kifo.