Jibu: Datsun 280Z iliyofungwa turbo, inunuliwe pampu gani ya oili?

Mkuu, umeuliza kama pampu ya "presha kubwa" itaondoa ile taa ya oili inayopepesa gari ikiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) ukishafika Dodoma kutoka Morogoro. Haitaondoa. Presha ya juu inapangwa na springi ya valvu ya pampu, ile inayoachia presha ikizidi. Ukiikaza springi, presha inapanda ukiwa kwenye mwendo tu, gia ya pampu inachoka mapema, na oili inalazimishwa kupita sili za turbo hadi eksozi itoe moshi wa bluu. Unachokosa ni wingi wa oili. Tafuta pampu ya L28ET, injini ya 280ZX Turbo: rota zake (vipande vya ndani vinavyozunguka na kusukuma oili) ni ndefu kuliko za L28 ya kawaida isiyo na turbo na inakaa palepale.

Kwanza funga geji ya mshale ya presha ya oili, upime injini ikiwa ya moto. Kama metali za krenki (bearing zinazoshika shafti kuu ya injini) zimelika, pampu mpya ni hela ya bure. Fungua na pampu ya zamani: nafasi kati ya ncha za rota ikizidi 0.20 mm, imekwisha.

Kwenye kufunga ndipo mafundi wengi wanaharibu. Shafti ya pampu ndiyo inayozungusha distributa (kigawa umeme wa plagi), kwa hiyo pistoni namba 1 iwe juu kabisa. Shafti ikiruka jino moja tu, taimingi, yaani wakati wa plagi kuchoma, imehama. Jaza oili ndani ya pampu, chomoa waya wa koili injini isiwake, piga stata mpaka geji ipande.

Mpira wa kurudisha oili kutoka kwenye turbo uwe mnene, ushuke bila kupinda, uingie sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili.