Walioozea Melini

Mhariri, mmeuliza wiki hii: ni nani aliyelipa gharama kubwa kuliko wote kwa uhuru wa Marekani? Wengi watamtaja George Washington, au wale 56 waliotia saini Azimio la Uhuru. Sibishi, nao waliweka shingo zao rehani. Lakini mimi nawataja wafungwa wa Wallabout, ghuba ndogo ya Brooklyn.

Waingereza walipoiteka New York mwaka 1776, magereza yalifurika, wakageuza meli kuukuu kuwa jela. Iliyotisha kupita zote ni Jersey, manowari iliyovuliwa milingoti na mizinga, ambamo zaidi ya watu elfu moja walisongamana kwa wakati mmoja. Ndui, homa na kuhara damu viliwafyeka. Kila kukicha walinzi waliwaamuru watoe maiti zao, zikafukiwa juujuu mchangani. Wanahistoria hukadiria kuwa katika meli hizo zote za jela walikufa kati ya watu 8,000 na 11,500. Katika mapigano yote ya miaka minane ya vita hivyo vya uhuru, Wamarekani waliouawa ni kama 6,800.

Tena mlango wa kutokea ulikuwepo. Mfungwa aliyekubali kumtumikia Mfalme aliachiwa. Wengi mno walikataa, na hao ni mabaharia na vijana wa kawaida, watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye azimio lolote.

Mmoja wao alikuwa James Forten wa Philadelphia, kijana mweusi aliyezaliwa huru. Alikamatwa baharini mwaka 1781, akiwa na miaka kumi na mitano hivi. Mtu mweusi akitekwa, hatari kubwa ilikuwa kuuzwa utumwani visiwa vya Karibi. Bahati yake, nahodha Mwingereza alimpenda, kwa kuwa alicheza gololi na mwanawe, akamwahidi kumpeleka Uingereza akasomeshwe. Forten akakataa, akisema hawezi kuisaliti nchi yake. Akapelekwa Jersey, akakaa miezi saba. Humo akapata nafasi ya kutoroka ndani ya sanduku la ofisa mfungwa aliyekuwa akiachiwa kwa kubadilishana wafungwa, lakini akamwachia nafasi hiyo mwenzake, mzungu aliyekuwa mdogo kuliko yeye. Nikikumbuka kwamba huyu alikuwa mtoto, nashindwa kuendelea kusoma.

Alitoka hai, akawa fundi matanga tajiri mwenye karakana iliyoajiri weusi kwa weupe, na mali yake akaitumia kupigania watumwa wakombolewe. Je, nchi ilimlipa nini? Mwaka 1838 jimbo lake la Pennsylvania lilibadilisha katiba na kuwapa haki ya kupiga kura wanaume weupe peke yao. Forten, mzee wa miaka sabini na ushee, aliyekataa raha ya Uingereza kwa ajili ya taifa hilo, akafungiwa nje ya sanduku la kura. Alifariki mwaka 1842 bila kurudishiwa haki hiyo. Wenzake waliozikwa Wallabout waliulipia uhuru mara moja. Forten aliulipia utotoni, akadaiwa tena uzeeni. Jibu langu ni yeye.