Mwanangu wa Darasa la Tatu Ndiye Aliyenusa Gesi

Tangu nigusie hapa habari ya mtungi wetu wa gesi uliovuja, na mwanangu akatuzuia tusiwashe taa, simu yangu haipumui. Wengi mnauliza swali lile lile: mtoto wa darasa la tatu alijuaje? Mmoja kaniandikia kabisa kwamba nimetunga ili nipate wasomaji. Sijatunga, dada yangu. Kaa nikusimulie.

Ilikuwa jioni, siku ya kazi. Gesi ilikuwa imekwisha, kijana wa bodaboda akaleta mtungi mwingine wa kilo 15, akaufunga mwenyewe, akajaribu jiko likawaka, akachukua hela yake akaondoka. Dada wa nyumbani akachemsha maharage, akazima, akatoka nje kuanua nguo. Giza linaingia, mimi niko chumbani navua viatu. Mara nasikia, "Dada usiwashe! Usiwashe taa!" Nikadhani wanagombania rimoti kama kawaida yao. Kutoka, namkuta mwanangu kwenye mlango wa jiko, bado yuko na shati la shule na soksi ya mguu mmoja, kamng'ang'ania dada kwenye gauni anamvuta arudi nyuma. Mkono wa dada ulikuwa umeshafika kwenye swichi.

"Kunanuka yai bovu. Tutoke, mlango uachwe wazi."

Hapo ndipo na mimi nikaisikia ile harufu. Tulifungua mlango wa uani na madirisha, nikafunga mtungi pale juu, tukatoka sote hadi chini ya mwembe wa jirani. Baba yake akatukuta hapo, na kama mnavyowajua wanaume, akataka aingie peke yake akaangalie. Mtoto akamwambia, "Baba subiri kwanza, harufu iishe." Baba akasubiri. Siku hiyo mwenye nyumba alikuwa na miaka minane.

Kesho yake fundi alifungua regyuleta, kile kifaa kinachofungwa kichwani mwa mtungi, akatuonyesha: ule mpira mdogo mweusi wa duara, unaokaa pale mtungi unapokutana na regyuleta, ulikuwa umekatika upande mmoja. Kitu cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Nilimpelekea muuza gesi, akaangalia, akachomoa mwingine kwenye droo, akanipa. Hata pole hakusema.

Kwa wanaotaka kuelewa: gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Huchanganywa na dawa inayonuka makusudi ili ikivuja tujue. Tena ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikatokea dirishani, inatambaa sakafuni na kujaa chini ya meza na kabati. Huenda ndiyo maana mtoto aliisikia kabla yetu sisi warefu. Na swichi ya umeme hutoa cheche ndogo, uwe unawasha au unazima. Kwa hiyo ukisikia harufu usiwashe, na kama taa inawaka usiizime. Iache kama ilivyo.

Sasa alijuaje? Askari wa Zimamoto walikuja shuleni kwao muhula uliopita, wakawafundisha. Ndiyo jibu. Ila kuna kisa nyuma yake, na leo nakitoa maana kimenikaa rohoni.

Mwalimu alituma tangazo kwenye grupu la wazazi: kesho kutakuwa na somo la majanga ya moto, wazazi waendelee nalo nyumbani. Tangazo hilo lilikuwa katikati ya tangazo la mchango wa mtihani na tangazo la sare, na nyie mnajua grupu za wazazi. Watu walibishana mchango hadi usiku. Kuhusu moto, mzazi mmoja aliuliza tu kama vipindi vya hesabu vitafidiwa. Mimi nikaandika ujumbe, mrefu ndiyo, kwamba tuwafanyishe watoto zoezi nyumbani wikiendi. Admini, mama mmoja ninayemheshimu, akanijibu mbele ya watu wote: "Mama, hili ni grupu la taarifa za shule, mahubiri peleka kwingine." Wakafuata wa kucheka. Sikujibu. Tulifanya zoezi letu nyumbani kwetu, na tukaendelea kulifanya.

Ndugu zangu, wote tunakimbilia kitu kimoja. Mtoto asome shule nzuri, tutoke kwenye kupanga, tuwe na jiko la kisasa, tuache mkaa. Serikali nayo inatuhimiza nishati safi, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nami nimo, sirudi kwenye mkaa. Lakini mtungi umeingia ndani kabla ya elimu yake, na hilo si la kumwachia kijana wa bodaboda.

Zoezi lenyewe halina gharama. Mtungi ukifika, pakaza povu la sabuni kwenye maungio na kwenye mpira wote mrefu unaopeleka gesi kwenye jiko, fungua gesi, tazama. Povu likichemka, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama fundi anakuonyesha umahiri wake. Mtungi ukae wima. Mwonyeshe dada, mwonyeshe mtoto, mwonyeshe na shangazi aliyekuja kusalimia akakaa miezi. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango: zima jiko, funika kwa mfuniko, usikinyanyue, na usimwagie maji, maana maji yanageuka mvuke ghafla na kurusha yale mafuta yanayowaka. Mtoto akiungua, maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo unga, siyo yai. Najua bibi alitumia dawa ya meno. Tumia maji.

Halafu zoezi la kutoka. Nyumba zetu zina nondo kila dirisha kwa hofu ya wezi, usiku tunafunga geti kwa kufuli na funguo ziko kwenye mkoba wa mama. Moshi ukijaa utazikumbuka? Ziwe na msumari wake mmoja karibu na mlango, mtoto aufikie. Moshi hupanda juu, kwa hiyo wafundishe kutambaa. Chagueni mahali pa kukutania nje. Fanyeni zoezi mchana, kisha lifanyeni usiku taa zimezimwa, halafu mlifanye tena. Namba ya Zimamoto ni 114, wakariri kama wanavyokariri tebo, pamoja na jina la mtaa na alama ya jirani, msikiti au duka, maana magari hupotea kwenye vichochoro vyetu.

Na someni matangazo ya shule hadi mwisho, jamani. Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto bwenini katika shule ya msingi ya Kiislamu Byamungu, Kyerwa. Septemba 2024 wenzetu wa Kenya walizika wavulana 21 wa Hillside Endarasha Academy, Nyeri. Hao ni watoto wa shule ya msingi, kama wa kwangu na wa kwako. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, lakini wa la tano na kuendelea bado wanalala shuleni, na mzazi tunayemsikia kikaoni anauliza wastani na chakula tu.

Kikao chetu kinachofuata nimeshaandika maswali yangu. Milango ya bweni inafungukia nje au ndani? Usiku ufunguo anakaa nao nani, na yeye analala wapi? Madirisha yote yana nondo? Mara ya mwisho watoto kufanya zoezi la kutoka usiku ilikuwa lini? Jiko la shule liko umbali gani na madarasa? Chukueni muulize shuleni kwenu. Na mama admini, najua unapita hapa kimya kimya: ujumbe wangu bado ninao, Jumatatu nautuma tena kwenye grupu, na safari hii nimeurefusha.