Taifodi Isiyopona

Mwaka juzi nilitibiwa taifodi mara tatu ndani ya miezi minne. Kichwa kizito, tumbo limejaa, saa tisa usiku macho kodo. Zahanati ya kibinafsi karibu na stendi walinitoa damu kila mara, na kila mara nikatoka na mfuko wa vidonge. Baadaye nilijifunza kwamba kipimo cha Widal, kinachotumika sana huku kwetu, kinaweza kukupa taifodi usiyokuwa nayo. Lakini na mimi nilichangia. Nilitaja kichwa na tumbo tu. Sikusema kwamba mpira siutazami tena, wala kwamba wateja dukani nawafokea kisha najifungia stoo. Huku Eastlands, Nairobi, hayo ni “mawazo tu”, na nani hupeleka mawazo hospitali? Jina lake la kitabuni ni sonona, yaani depression.

Kwa hiyo ukifika kwa daktari, anza na usingizi, hamu na hasira. Kichwa kifuate.

Aliyenishtukia ni sista wa kituo cha afya cha kaunti, nilikokwenda baada ya pesa kuisha. Alifungua kijitabu changu, akapekua, akasema, “Kaka, hizi taifodi ni nyingi mno. Unalala?” Kisha akanipa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona huna maana, na kadhalika. Kila moja unaipa sufuri hadi tatu.

La tisa linauliza kama umefikiri ni heri ufe, au ujidhuru. Nikaandika sufuri. Wakati ule kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai (Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025), nami nilikuwa na picha ya polisi mlangoni. Sista akairudisha karatasi upande wangu wa meza. “Hili la mwisho umelijibu haraka kuliko yote.” Nikakata sufuri, nikaandika moja. Hakuita mtu. Aliuliza tu kama nina mpango wowote, na usiku nalala na nani nyumbani.

Jumla ilikuwa 17 kati ya 27. Kuanzia 10 wanakuangalia kwa makini, ila karatasi peke yake haitoshi. Alinipima damu kama imepungua, akauliza habari za pombe, na kama nimewahi kuwa na siku za kuchangamka kupita kiasi bila kulala wala kuchoka. Usimfiche hilo la mwisho, maana dawa ya sonona pekee inaweza kumvuruga mtu wa namna hiyo.

Nikapewa dawa ya sonona, fluoxetine, miligramu 20 kila asubuhi, na mazungumzo na mshauri kila Alhamisi. Wenye sonona nyepesi wengi huanza na mazungumzo tu. Wiki ya kwanza nilipata kichefuchefu, ya pili sikuona kitu, nikataka kuitupa. Mama watoto ndiye aliyenizuia. Sista alikuwa amemwambia tusiihukumu kabla ya wiki sita. Wiki ya tano nilijikuta nabishana na konda juu ya Gor Mahia.

Halafu nikafanya ujinga. Nikajiona mzima, nikaacha dawa ghafla. Kizunguzungu kwanza, na baada ya mwezi saa tisa za usiku zikarudi. Dawa huendelea angalau miezi sita baada ya kupata nafuu, na kuiacha ni kwa kupunguza polepole, daktari akijua. Kituoni ikiisha, na huisha, omba wakuandikie ukanunue duka la dawa. Usiruke wiki ukingoja.

Si lazima uende Mathari, ile hospitali ya magonjwa ya akili. Mimi sikufika huko.

Na kama jibu lako la swali la tisa leo si sufuri, usingoje Alhamisi. Mwambie mtu wa nyumbani sasa hivi, nendeni hospitali iliyo karibu, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haitozwi pesa.