Maswali ya wasomaji: ndoo ya kwanza ya bia

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 31 na nimeamua kujifunza kutengeneza bia mwenyewe nyumbani. Nimesoma mpaka kichwa kimejaa. Mmoja anasema anza na nafaka, mwingine anasema nunua kimea kilicho tayari, kila mtu na orodha yake ya vifaa. Halafu mke wangu ana wasiwasi kwamba nitapika sumu. Nianzie wapi?
Jina limehifadhiwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Nitaanza na mkeo, maana anachouliza ni cha msingi na anastahili kujibiwa kabla hujawasha jiko. Pombe inayopofusha watu macho na kuwaua ni ile kali iliyokenekwa ovyo au iliyochanganywa na spiriti ya viwandani. Bia haikenekwi. Hamira inakula sukari ya nafaka, inatoa kileo na hewa ya kaboni. Methanoli, yaani kile kileo chenye sumu, inayopatikana humo ni kidogo mno, haimdhuru mtu. Bia ikiharibika huwa chachu au hunuka, nawe utaitema mwenyewe, lakini vijidudu vya maradhi havistawi kirahisi ndani yake kwa sababu ya kileo, uchachu na hopsi, yaani yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Mwambie hivyo, na umwahidi kwamba hutakeneka kitu chochote. Kisha uliza sheria ya mahali unapoishi inasemaje, kwa sababu nchi hazifanani. Uingereza iliacha kudai leseni kwa anayejitengenezea bia nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikairuhusu kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 1978. Kwingine bado ni marufuku.

Sasa kimea. Kimea ni shayiri iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, halafu ikakaushwa. Ukiiponda na kuiloweka kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 67 kwa saa moja, vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari. Ni kazi tamu, nyumba nzima hunukia, lakini inataka sufuria kubwa na jicho lisilobanduka kwenye kipimajoto. Kimea cha unga, yaani kile ambacho kiwandani wameshakiloweka, wakakichuja na kukikausha, kinakuondolea kibarua hicho. Anza na hicho, mwanangu. Wapo watakaokuambia kwamba hiyo si bia ya kweli, waache. Cha kujifunza kwenye ndoo ya kwanza ni usafi na hamira.

Pika lita 10 tu. Utahitaji sufuria ya lita 15 au zaidi, ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula yenye mfuniko unaobana, kizibo chenye maji kinachotoa hewa bila kuingiza, kipimajoto, haidromita (kifaa kinachoelea kinachoonyesha sukari iliyomo kwenye maji), mpira wa kuhamishia bia, chupa, na kifaa cha kukandamizia vizibo. Hayo mengine unayoyaona kwenye orodha za watu yatakuja yenyewe ukinogewa.

Chemsha maji lita 12. Epua sufuria, mimina kimea cha unga kilo 1.3 huku ukikoroga ili kisigande chini, kisha rudisha jikoni. Kikianza kuchemka, tia gramu 15 za hopsi ya uchungu wa kati. Hapo usiende popote! Povu hupanda ghafla kama maziwa, likafika ukingoni kabla hujageuka. Punguza moto, koroga, litashuka. Acha ichemke saa nzima, kwa sababu uchungu wa hopsi hautoki kwa kuloweka tu, unahitaji moto wa muda mrefu. Harufu yake, kinyume chake, hupotea na mvuke. Ndiyo maana gramu 10 nyingine unazitia dakika 5 za mwisho.

Kuanzia unapozima moto, kila kitakachogusa maji yale lazima kiwe kimeoshwa na kuuliwa vijidudu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wengi huyafanya kuwa moja. Sabuni huondoa uchafu, dawa huua kilichobaki. Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Miaka ya mwanzo nilipata ndoo tatu mfululizo zilizochachuka vibaya, zikawa kama siki. Niliosha ndoo kwa maji ya moto, nikabadilisha mpira, nikabadilisha hamira, wapi. Siku moja nikaifungua ile koki ya chini ya ndoo, nikaitenganisha vipande vyote. Ndani, mahali ambapo hata kidole hakifiki, kulikuwa na utando wa kahawia unaoteleza kama ute. Nilikaa sakafuni nikiwa nimeishika mkononi, nikifikiria lita zote nilizomwaga. Tangu siku hiyo sitoboi ndoo ya kuchachushia. Nahamisha bia kwa mpira, na mpira nikiuona umeingia ukungu nautupa.

Baada ya kuchemka, ipoze haraka. Weka sufuria kwenye karai la maji ya barafu hadi ishuke nyuzi 20. Ukitia hamira kwenye moto utaiua, na ukiacha ipoe yenyewe usiku kucha unawakaribisha vijidudu waanze karamu kabla ya mwenyeji. Mimina kwenye ndoo kwa fujo, ichafuke ipate hewa. Ni mara ya pekee hewa inapohitajika. Chukua kipimo cha haidromita, kitakuwa karibu na 1.048, kiandike. Ndipo unyunyize hamira. Tafuta hamira ya bia inayochachua kwenye joto la kawaida la chumba, usitumie ya mkate. Pakiti ya gramu 11 kwa kawaida hupimwa kwa lita 20 hivi, kwa hiyo nusu yake inakutosha.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Wewe hutengenezi bia. Wewe unapika maji matamu, hamira ndiyo inayotengeneza bia. Sheria maarufu ya Bavaria, kule Ujerumani, ya mwaka 1516 ilisema bia iwe ya shayiri, hopsi na maji, hamira haikutajwa. Mwaka 1876 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alichapisha kitabu kizima kuhusu bia na vijidudu vinavyoiharibu, na mwaka 1883 mwanasayansi Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen, Denmark, alifaulu kukuza hamira safi kutokana na chembe moja. Wewe leo unairarua kwenye pakiti. Basi itunze. Weka ndoo mahali penye giza, nyuzi 18 hadi 22. Hamira ikiwa kazini hutoa joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo huwa pana joto kuliko chumbani. Ikivuka 25 utapata bia yenye ukali wa spiriti unaochoma koo. Mimi naisimamisha ndoo kwenye beseni la maji, naivisha taulo bichi, na asubuhi nabadilisha maji. Inatosha.

Kisha usiifungue wiki mbili. Najua utatamani. Zikiisha, pima tena. Ukipata kipimo kilekile mara mbili, siku tatu kati yake, tuseme 1.010, imemaliza. Toa 1.010 kwenye 1.048, zidisha kwa 131: kileo ni karibu asilimia 5. Hapo ndipo unaijaza kwenye chupa.

SWALI: Mama shikamoo. Nimetia bia kwenye chupa siku tisa zilizopita, na jana usiku chupa mbili zimepasuka kabatini. Zimebaki 18. Nifanyeje?
Binti mwenye hofu

JIBU: Marahaba binti yangu. Kwanza usiziguse kwa mikono mitupu. Vaa miwani na glavu nene, funika chupa zote kwa blanketi zito, watoto wasikaribie hapo. Kisha, huku umezifunika, zihamishie kwenye friji moja moja. Baridi hupunguza msukumo na kuilaza hamira. Zikishapoa kabisa, baada ya siku moja, zifungue juu ya sinki ukiwa bado na miwani na glavu.

Hukuniambia kama ulipima kwa haidromita kabla ya kujaza, nami nadhani hukupima. Bia ilikuwa bado na sukari yake, ukaongeza ya kwako, hamira ikaendelea kufanya kazi ndani ya chupa iliyofungwa. Safari ijayo subiri vile vipimo viwili vinavyolingana. Sukari ya kuleta povu ni gramu 6 kwa kila lita, si zaidi ya 7. Usiigawe kwa kijiko chupa kwa chupa, maana mkono hukosea. Ipime yote kwa mizani, ichemshe na maji kidogo, ipoze, uichanganye taratibu na bia yote kabla ya kujaza. Tumia chupa nene zilizotengenezwa kwa ajili ya bia, na za kahawia, kwa sababu mwanga hugeuza hopsi ikanuka vibaya.

SWALI: Habari za siku, dada. Saa 36 zimepita tangu nitie hamira na kizibo hakijatoa hata povu moja. Nimwage?
Kaka mwenye haraka

JIBU: Njema kaka. Usimwage. Mara nyingi mfuniko haujabana vizuri na hewa inatokea pembeni, hivyo kizibo hakina cha kupuliza. Mulika ndoo kwa tochi kutoka nje. Ukiona povu limepanda juu, au utepe wa kahawia umejichora ukutani juu ya bia, kazi inaendelea. Usipoona kitu, pima. Kipimo kikiwa kimeshuka hata kidogo, rudisha mfuniko. Kikiwa palepale baada ya saa 72, tia pakiti nyingine ya hamira, na uangalie tarehe ya kwisha muda kwenye ile ya kwanza.