Jibu: Kampala hadi Kisoro na trela ya kulala

Ndugu, umeuliza kama wewe na mkeo mnaweza kuvuta trela ya kulala kutoka Kampala hadi Kisoro. Mnaweza, lami ipo mpaka mwisho. Ila msilazimishe siku moja.

Hadi Mbarara kinachosumbua ni matuta. Gari likishavuka tuta, trela bado. Ukikanyaga mafuta mapema, vyombo vyote vya mama vitashuka kabatini. Lukaya simameni mle gonja (ndizi za kuchoma) na kuku wa kuchoma, hilo halina mjadala. Usiku wa kwanza laleni Ziwa Mburo, kuna sehemu za kupigia kambi.

Kazi yenyewe inaanza Kabale kwenda Kisoro. Mlima wa Kanaba una kona kali. Kwenye mteremko ingiza gia ndogo mapema, injini ishike mwendo. Ukikalia breki muda wote zitachemka na kugoma. Halafu mzigo: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ikae kwenye kiungo cha kuvutia. Vitu vizito viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kwa sababu nyuma ikielemewa trela itayumba na kulivuruga gari. Tangi la maji msipande nalo likiwa limejaa, maana lita 100 ni kilo 100.

Mkitaka kuona gorila kwenye hifadhi ya Bwindi, trela iacheni Kabale au Kisoro penye mlinzi. Barabara za kwenda huko ni za murram (udongo na changarawe, hazina lami), na zikinyeshewa, hata gari tupu linateleza.

Mnatumia gari gani?